Mstari wa Nne Ukutani Mnazi Pacha

Mwezi uliopita nilikabidhi ngazi, ndoo na brashi zangu, na tangu siku hiyo mikono hainipi raha. Nikiona ukuta, mkono unakwenda wenyewe kupapasa kama chokaa imeshika. Majirani wamenishtaki kwa mke wangu. Basi mama watoto kaniwekea meza barazani, kanipa daftari na kalamu, kaniambia, "Kama lazima upake kitu, paka humu." Kwa hiyo nawaandikia nyie vijana mliobaki karakana ya rangi ya mji, hasa nyie mnaodhani kazi hii ilianza siku mlipofika.

Ya vyeo sitayagusa, maana vyeo vyangu vyote vinaenea juu ya kifuniko cha kopo. Nitasema ya brashi, ya Fundi Abdurabi aliyenifundisha, na ya ule ukuta wa soko la Mnazi Pacha, huku Temeke, ambao mnaupita kila siku mkitafuna vitumbua wala hamjui ulinitoa jasho kiasi gani.

Nilianza kazi Waingereza wakiwa bado wageni. Mie nilikuwa kijana wa Kisarawe mwenye miaka minne ya shule na hati nzuri, na hati ndiyo iliyoniajiri. Siku ya kwanza nilivaa kanzu nyeupe aliyoipiga pasi mama, nikidhani nitakaa mezani niandike barua. Bwana wa ofisi ya mji akaniangalia vidole, akaita, "Abdurabi! Huyu wako." Akatoka mzee mwembamba, kilemba kimejaa chokaa, sikioni amechomeka kipande cha mkaa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Vua kanzu."

"Nivue?"

"Unataka kwenda nayo msikitini Ijumaa, ama unataka iwe tambara langu?"

Nikavua. Kazi yenyewe ikawa kufuta maneno ya Kijerumani kwenye kuta za mji. Mjerumani alikuwa ameandika kila pembe, na rangi yake, lazima niseme ukweli, ilikuwa imara kuliko yetu. Nilikwangua wiki tatu kwa kipande cha bati. Mama aliponiuliza barua ngapi nimeandika, nikamwambia nyingi sana, zote za kufuta.

Fundi Abdurabi alikuwa ameandika aya kwenye milango ya watu wakubwa kabla macho hayajaanza kumsumbua, na hakuvumilia kazi ya ovyo hata kwenye choo cha soko. Chokaa yake ya matumbawe ililala shimoni siku saba, ikachujwa kwa gunia, ikatiwa chumvi na gundi ya ngozi. Ukuta ukipaka migongo ya wapita njia, alisema, aliyeupaka ni mvivu na jina lake linajulikana. Mstari aliupiga kwa kamba ya katani iliyopakwa masizi: mie nashika ncha hii, yeye ile, anaivuta katikati na kuiachia mara moja, pa! Hakurudia. Na kabla ya kuandika herufi yoyote alikwenda kupima mahali pa neno la mwisho.

"Pima mwisho kwanza," aliniambia labda mara elfu. "Ukianza kupima mwanzo, utafika kwenye kona herufi zako zimepandiana migongoni."

Nilikuwa naitikia tu. Nilidhani ni maneno ya mzee asiye na la kusema.

Kwa miaka mingi niliandika MARUFUKU. Marufuku kutupa taka, marufuku kufunga punda, marufuku kukojoa hapa. Hiyo ya mwisho niliiandika kwenye ukuta mmoja mara sita, maana kila mara ilikuwa ikiliwa kutoka chini. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba watu wa mji huu hawasomi matangazo yetu, au wanayasoma na kuyajibu kwa njia yao.

Kazi moja tu niliichukia, nayo ni nambari nyekundu. Ofisi ikiamua kubomoa vibanda mahali fulani, kwa sababu ya barabara, au ya ugonjwa, au kwa sababu tusizoambiwa, nilitangulia mie na kopo. Kila mlango nikauandika nambari kwa rangi nyekundu. Siku chache baadaye wanakuja watu wa sururu, wanafuata nambari zangu moja baada ya nyingine mpaka pamebaki uwanja. Wenye nyumba walinitazama nikiandika. Wengine walinisihi, "Fundi, ruka hii yangu." Sikuruka hata moja. Nilijiambia mie ni mkono tu, kichwa kiko ofisini. Fundi Abdurabi aliikataa kazi hiyo. Aliwaambia macho yake hayaoni rangi nyekundu, uongo mtupu, nao wakamwamini kwa ajili ya mvi zake. Alifariki kabla vita ya pili haijaisha, na brashi zake nikarithi mie.

Baada ya vita mji ulijaa watu mpaka ukafura, ndipo ofisi ikaanza kujenga mitaa mipya nje, huku kwetu Temeke. Mnazi Pacha ulikuwa mmoja wao: mistari ya nyumba za matofali ya saruji, bomba moja la maji, na soko jipya lenye paa la bati na mabanda thelathini. Waliletwa waliobomolewa vibanda vyao mjini. Wakaja makuli wa bandarini Kurasini, makarani kutoka bara, na wachongaji vinyago kutoka kusini. Nami nikapewa nyumba, mstari wa pili kutoka bombani. Soko nililipaka mwenyewe, kuta nyeupe, ukanda mweusi usawa wa kiuno, na kwa kuwa ofisi ilitaka kila banda lijulikane, nikaandika nambari moja hadi thelathini. Stoo ilikuwa na nyekundu. Nikaandika kwa nyekundu, nikasogea nyuma hatua kumi, nikajisifu.

Siku ya kulifungua soko tulikuwapo bwana wa ofisi, karani wake, mbuzi wawili na mie.

Miezi ikapita na hali ni ile ile. Kina mama waliuza kidogo kidogo chini, ng'ambo ya mtaro, juani, wengine wakabeba vikapu vyao hadi mjini. Waliotaka samaki wakawafuata huko huko. Watu wakachoka. Ukimwona jirani anafunga godoro kwa kamba, ujue anarudi kubanana na shemeji yake chumba kimoja mjini. Kwenye mstari wetu wa nyumba kumi, zilizokuwa zinatoa moshi wa jikoni zilibaki nne. Mke wangu alianza kuniambia majina ya waliohama kama mtu anayesoma orodha ya msiba.

Bwana wa ofisi wakati huo alikuwa Mzungu kijana tuliyempa jina la Bwana Haraka. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali na kuondoka kabla ya jibu, basi. Akatoa amri: ikiwa mwanzo wa mwezi wa pili utakuta soko tupu, litageuzwa ghala la saruji ya bandarini, bomba litahamishwa, na mtaa wenyewe utafikiriwa upya. Sisi tuliokwisha kuona kufikiriwa upya kwa mitaa mingine hatukuhitaji kufafanuliwa.

Amri hiyo iliniletea karatasi ya tangazo, na aliyeileta ni karani Yohana. Huyu alitoka Tukuyu, mtu wa kanisa, shati kafunga mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwaka namna gani. Nikaisoma: WATU YOTE LAZIMA KUJA SOKO HII. SOKO IKO MUZURI.

"Yohana," nikasema, "hii niiandike kwenye ukuta wa barabarani? Kwa herufi za futi moja?"

"Ndiyo amri."

"Watanipiga mawe."

"Kaandika bwana mwenyewe. Nilijaribu kuirekebisha, akaniambia Kiswahili anakijua."

"Akipita akaona maneno mengine, atajua?"

Yohana akatazama mlangoni, akakohoa. "Herufi anazijua. Hayo mengine mpaka asomewe, na msomaji wake ni mie."

Tukatazamana. Nikamwambia kwamba nimewaandikia watu hawa marufuku miaka yote na hawajanisikia hata siku moja. Safari hii nataka niwaulize, na niwaulize kwa shairi, maana huku kwetu mtu akiulizwa kwa shairi hawezi kujifanya kiziwi. Yohana akasema kwao wanaimba na hawahesabu silabi. Nikamfundisha palepale: mizani nane, kituo, mizani nane tena, vina vikae mahali pao. Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini hakukosea, na kabla ya saa sita tulikuwa na ubeti mzima.

Jumamosi nikapanda ngazi. Ukuta ulikuwa mrefu, mweupe, unaangalia barabara, na mie kiburi kilinipanda. Nikataka herufi ambazo mtu ataziona kutoka bombani. Sikupima mwisho. Miaka yote ile ya kuambiwa, halafu siku ninayoandika maneno yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikapima mwanzo! Nikaandika:

Mwaulizwa mtaani, soko lenu limechoka,
Meza ziko tupu ndani, vumbi linapeperuka,
Mwaenda hadi mjini, kwa miguu mwateseka,

Rangi ikaisha, herufi zile kubwa zimeinywa yote. Niliinamisha kopo, nikakwangua pembeni, nikachovya brashi kavu. Hamna. Stoo ilikwisha fungwa mpaka Jumatatu. Nafasi ya mstari wa nne ikabaki nyeupe, na wala sikumbuki vizuri tulikuwa tumekusudia kuijaza na nini, maana hakuna aliyenipa nafasi ya kukumbuka. Nikateremka, nikaenda nyumbani kwa njia ya nyuma nisionwe.

Jumapili alasiri nikasikia kelele. Nikadhani ni ugomvi bombani. Nikatoka, nikakuta watu wamejazana mbele ya ukuta wangu. Jamani, ninyi mnajua watu wetu! Ubeti wenye mistari mitatu kwao ni kitanda chenye matendegu matatu, hawawezi kuupita wakalala.

"Fundi! Wa nne uko wapi?"

"Rangi imeisha."

"Rangi, au maneno?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kuli mmoja wa Kurasini, kifua kama mlango, akapiga hatua mbele, akatoa wa kwake: "Rudini basi rudini, soko litachangamka!" Wenziwe wakampigia makofi. Mzee mmoja akatoa mstari mrefu hivi kwamba Yohana, aliyekuwa ametoka kanisani na suti yake nyeusi, aliishiwa vidole akihesabu. "Umezidi mizani tano, mzee wangu," akamwambia kwa adabu zote. Kuanzia hapo Yohana akawa mwamuzi. Mtu wa Tukuyu, anawaamua watu wa pwani mashairi yao! Na walimkubali, kwa sababu hakuwa na ndugu wa kumpendelea.

Jumatatu wakaja wengi zaidi. Makuli wakitoka zamu walipitia ukutani kabla ya kwenda kuoga. Muuza kahawa akahamia hapo na dele lake, lile birika la shaba. Jumanne watu wakaja na mikeka. Mtaa uliokuwa umekufa ulikuwa unabishana, na mie nilikuwa na furaha mpaka nilipotazama vizuri. Watu walikuwa wamekaa juani wanajipepea kwa kofia. Kivuli cha soko kilikuwa hatua mbili nyuma ya ukuta, meza safi, benchi za kukaa, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Mvua ndogo ilipopita, walikimbilia chini ya mnazi.

Jumanne hiyo hiyo akaja Bi Tatu. Mama aliyekwisha pita umri wa makamo, mfupi, kanga mbili, kikapu cha vitumbua kichwani wala hakishiki. Nilikuwa namjua kwa sura tu, mmoja wa wale wanaouza ng'ambo ya mtaro. Wengine walimjua vizuri zaidi, maana walipomwona walimpisha. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za ngoma za kina mama tangu alipokuwa mjini. Akasomewa ubeti. Akaurudia kwa midomo. Kuli wa Kurasini akaharakisha kumpa mstari wake: rudini basi rudini.

"Turudi wapi?" akasema Bi Tatu. "Nani amewahi kuja?"

Kicheko. Kuli akajificha nyuma ya wenziwe. Bi Tatu akatua kikapu, akautazama ukuta, halafu akanitazama mie, akasema polepole:

"Nambari zenu futeni, hapo ndipo tutafika."

Yohana alihesabu, vidole nane, vidole nane, akainua mkono juu kuonyesha umetimia. Lakini hakuna aliyepiga makofi. Watu wote wakanigeukia.

"Hujambo, mwanangu," akasema Bi Tatu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hunikumbuki."

"Sikukumbuki, mama."

"Kumi na saba. Nyuma ya reli. Jua lilikuwa kali, nikakuletea maji ya kunywa. Ukanywa, ukashukuru, ukauandika mlango wangu."

Nilisikia aibu, nasema wazi. Nilitazama ndani ya soko kupitia uwazi wa mlango, nikaziona nambari zangu thelathini zimejipanga juu ya mabanda, nyekundu, safi, sawasawa kabisa na zile. Mie niliyeziandika zote nilikuwa mtu wa mwisho kuziona. Hawa walikuwa wametoka kwenye nambari nyekundu, halafu tukawaita waingie kwenye nambari nyekundu, wapange biashara zao, wasubiri sururu.

"Mbona hamkusema miezi yote hii?" nikamuuliza.

"Nani alituuliza? Wewe ndiye wa kwanza. Na umeuliza vizuri, ndiyo maana nakujibu vizuri." Akanyanyua kikapu chake. "Haya. Nafasi ipo. Andika."

Yohana alinifuata mpaka nyumbani. Alikuwa ana hofu, na hakuificha. "Ukiandika mstari ule," akasema, "umeandika kwamba ofisi imekosea, kwenye ukuta wa ofisi, kwa rangi ya ofisi. Una watoto watano." Jibu alilitoa mke wangu, akipepeta mchele, hata uso hakuinua: "Ameandika milango ya watu miaka yote hiyo hakuogopa. Leo aogope ukuta?"

Jumatano nikachukua rangi stoo. Safari hii nilipima mwisho kwanza. Nikaandika mstari wa Bi Tatu, herufi za ukubwa ule ule, na watu wamejipanga nyuma yangu kama wako msikitini. Nilipoweka nukta ya mwisho wakalipuka kwa vigelegele mpaka ngazi ikatikisika. Herufi hazikutetemeka hata moja, nendeni mkazitazame.

Alhamisi akafika Bwana Haraka na gari lake dogo. Safari hii ukuta ulikuwa na watu wengi mno kupitwa. Akateremka, akaangalia maneno, akahesabu mistari, akakuta minne, na tangazo lake lilikuwa na miwili.

"Yohana. Soma."

Ninyi hamkumwona Yohana siku ile. Shati lilikuwa limemlowa mgongo mzima. Angeweza kudanganya, nami nilimwombea adanganye. Akasoma mstari mmoja mmoja, akaufasiri Kiingereza, na alipofika wa nne hakupunguza sauti. Kisha akaeleza habari ya nambari, ya vibanda vya nyuma ya reli, ya mlango wa Bi Tatu. Bwana Haraka alianza kugeuka aende zake, halafu akarudi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akisubiri maneno ya mtu yaishe.

"Namba nani andika?" akaniuliza.

"Mie, bwana."

"Kwa nini nyekundu?"

"Stoo ilikuwa nayo, bwana. Nami sikufikiri."

Akaingia sokoni peke yake, akatembea mpaka mwisho, viatu vyake vinaita kwenye saruji tupu. Alipotoka akasema neno moja, "Futa," na alipokwisha kukaa ndani ya gari akaongeza la pili: saruji imekwisha agizwa, lori litakuja tarehe moja, na likikuta tupu litashusha.

Tulikuwa na siku kumi na nane.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hili ni la kazi. Rangi nyekundu haifichwi na chokaa. Nilipaka mkono mmoja wa chokaa, asubuhi nikakuta nambari zote zimetokeza, rangi ya waridi. "Nambari zimevaa kanzu!" watu wakacheka. Nikapaka mkono wa pili, zikatokeza tena. Ikabidi nikwangue kwa kipande cha bati, kama nilivyokwangua Kijerumani, mpaka nifike kwenye plasta, nipake gundi nzito, ikauke, kisha chokaa. Banda moja lilinila nusu siku. Makuli wa Kurasini wakaja na vipande vyao vya bati bila kuitwa. Wawili walikwangua kwa hasira hasa, nikajua nao wana milango yao iliyowahi kuandikwa.

Mahali pa nambari ilibidi pawe na kitu, maana ofisi bado ilitaka kila banda lijulikane. Tukaamua: mwenye banda alete ubeti wake mwenyewe, upite kwa Yohana, mie niuandike juu ya meza yake na picha anayoitaka. Buluu nilipata kwa buluu ya kufulia, nyekundu sikuigusa, manjano nilichimba udongo mtaroni na kuuchuja. Muuza samaki akataka nimchoree samaki aitwaye changu, tena mwenye magamba yote, akasimama hapo kuyahakikisha. Mchongaji mmoja wa kusini, Likomba, akaja kuniambia, "Mie vina siviwezi. Mie naweza mti." Nikamwambia alete mti. Wale wasio na ubeti akawachongea nguzo za mabanda: nguzo ya mama wa nyanya ilijaa majani tangu chini mpaka juu, na ya kinyozi ilikuwa vichwa vitupu, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Siku ya sita watu wa mitaa mingine walianza kuja kutazama tu. Waliokuja kutazama wakasikia njaa. Ndivyo biashara ilivyoanza, tusidanganyane.

Bi Tatu alichagua banda la kwanza, mlangoni. Nilipomuuliza nimchoree nini, nikatayarisha brashi nikidhani atataka vitumbua.

"Nichoree nyumba yangu."

"Ipi, mama?"

"Unaijua. Uliutazama mlango vizuri kuliko mtu yeyote."

Nilichora siku mbili. Yeye alikaa nyuma yangu akinielekeza: mlango ulikuwa upande huu, dirisha lilikuwa dogo zaidi, hapo palikuwa na mtungi. Makuti niliyachora moja moja. Mlango nilipoumaliza, mtupu, bila alama yoyote, Bi Tatu alilia, nami nikalia, na Likomba aliyekuwa anachonga nguzo zake akatuambia tumwache afanye kazi. Chini yake niliandika maneno yake:

Walivunja ya udongo, ya rangi haitavunjwa,
Nakaa bila kinyongo, na vitumbua vyaonjwa.

Yohana alimwambia ubeti bado umepungukiwa mistari miwili. Bi Tatu akamjibu mingine ataitoa akijisikia, na kila anayetaka kuisikia aje anunue.

Tarehe moja ikafika. Mabanda ishirini na tisa yalikuwa na watu, na la thelathini alikuwa analifagia muuza kahawa na dele lake limeshatangulia mezani. Watu walikuwa wamebanana kiasi kwamba mtu akitaka kugeuka anamwomba jirani. Nyumba zilikuwa zimeanza kufunguliwa. Jirani yetu mmoja aliyehama na godoro lake alirudi nalo asubuhi hiyo hiyo, na mke wangu akaliona godoro kabla ya kumwona mwenyewe. Saa nne tukasikia honi. Lori la saruji lilikuwa barabarani, magunia mpaka juu, na nyuma yake gari dogo la Bwana Haraka.

Dereva akashuka na karatasi yake. "Ghala liko wapi?" akauliza. Makuli wakamwonyesha soko, wakacheka, akaudhika, akasema yeye kaambiwa ashushe na atashusha. Ofisi ile niliijua. Niliwahi kuona karatasi ikishinda watu mia.

Bwana Haraka akaja kwa miguu, watu wakamwachia njia nyembamba. Akafika mlangoni, akasimama katikati kabisa ya uwazi, mikono kiunoni, akatazama samaki, nyanya, nguzo za Likomba, beti juu ya meza, vichwa mia tatu vimemgeukia. Akabaki amesimama. Nyuma yake foleni ikaanza kurefuka, mama mmoja na mtoto mgongoni, kuli mwenye njaa, dereva na karatasi yake mkononi.

Bi Tatu alikuwa anageuza vitumbua. Aligeuza kimoja, akageuza cha pili, akafuta mkono kwenye kanga.

"Bwana," akasema, "hapo uliposimama ni mlangoni kwangu. Nunua, au pisha."

Yohana alifungua mdomo afasiri, akakuta hakuna haja. Bwana Haraka alikuwa amekwisha elewa. Alipapasa mfuko wa kulia wa kaptura yake, akapapasa wa kushoto, akapapasa wa shati. Hamna hata senti. Uso ukamwiva. Akamgeukia dereva, akamwashiria kwa mkono ageuze lori.

Kisha akavua kofia, akapisha.